Mzee Alale, Asisimame

Jumatatu asubuhi, Kilwa, ile ya Kongo. Niliondoka nyumbani kwa sababu ya maumivu, tena ya mahali ambapo baba hawezi kupataja mbele ya watoto. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umenizimia mambo ya chumbani, ndipo daktari mmoja wa Lubumbashi akaniwekea kifaa ndani ya uume: mirija miwili inayojaa maji ukifinya kapompi kadogo kalikofichwa kwenye pumbu. Wiki sita zilipita, maumivu yapo tu. Hofu yangu ilikuwa moja: kwamba watakitoa, nami nirudie ukimya wa zamani.

Na kulala nililala jamani! Siku ya kutoka hospitali daktari huyo, kijana mwenye adabu, alimwagiza mke wangu, Mama Véro: "Mama, mumulalishe muzee kila siku. Asisimame." Mama Véro akalishika neno hilo kama amri ya Mungu. Nililishwa bukari, ugali wetu, na samaki kitandani. Nikiinua kichwa tu, kelele: "Dokta alisema nini?"

Barabarani tulipanda kamio, lori la mfanyabiashara wa Butembo, mlokole, mimi nimekalia mto. Kila shimo nilipiga kelele: "Yesu!" Naye anajibu: "Amina!" Kufika Kasomeno tulikuwa tumemaliza ibada nzima, imebaki sadaka tu.

Jumanne jioni, mtaa wa Ruashi, Lubumbashi, kwa shemeji yangu. Akanipa kiti.

"Hapana, kukaa inamuumiza," Mama Véro akasema.

"Basi asimame."

"Dokta alikataza."

"Sasa tumutundike?"

Wakatandika godoro sebuleni, nikawa napokea wageni nikiwa chali. Jirani mmoja aliingia analia, akidhani pana kilio. Nilipomsalimia, alikimbia akaacha kiatu kimoja.

Jumatano, njia ya Kasapa, kwa daktari. Akanipima, akagusa, nikaruka.

"Papa, mbona iko inasimama nusu? Maji iko ndani tangu operasio! Hamukuilalisha?"

"Nililala mimi, dokta! Wiki sita! Si ulisema muzee alale?"

Kijana akatazama dari. "Papa, munisamehe. Niliona haya kutaja jina mbele ya mama. Muzee... nilisema ule wa chini."

Mama Véro akanitazama usoni, kisha akatazama kule chini. "Mama yee! Kumbe nililalisha muzee mwingine!" Alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekasirika, tena nimekasirika uchi.

Daktari akafinya pale panapofinywa, maji yakarudi yalikotoka, nami nikashusha pumzi. Hakukuwa na usaha wala homa. Nikauliza lililonitia hofu tangu mwanzo, kama atakiondoa kile kifaa: "Utaitosha?"

"Hapana papa, inabaki." Akatufundisha wote wawili kujaza na kushusha, safari hii akitaja kila kitu kwa jina lake, jasho likimtoka. Maumivu yaliyobaki yangepungua polepole, alisema, kwa dawa na chupi ya kubana. Nikiona uvimbe au homa, nirudi mbio.

Alhamisi tulirudi kwa kamio nyingine. Bado niliumwa, ila kidogo, kama kiatu kipya. Nilikuwa nimejifunza kwamba haya ya mtu mmoja inaweza kumlaza mwingine mwezi na nusu, na kwamba mgonjwa aulize mara mbili, hata kama swali ni la aibu. Basi nikajaribu pale pale, katika mngurumo wa kamio, swali nililolibeba tangu Kilwa.

"Mama Véro, kama wangeitosha, ungefanya nini?"

Akanigeukia kwa hasira ya kweli.

"Uko na wazimu? Miaka tatu mbele ya operasio chumbani hakukuwa kintu. Nilienda wapi?"