Mutobe Ulionipa Shahada

Shahada yangu ya biashara niliipata kwa tumbo. Kichwa nacho kilikuwepo, sikatai, lakini siku ya mtihani wenyewe kilichofanya kazi ni tumbo.

Tulisoma jioni, baada ya kutoka makazini. Muhula wa mwisho mhadhiri wetu wa masoko akatangaza: "Mtihani wangu uko gulioni Rulenge. Tengenezeni bidhaa, mkaiuze. Ikibaki hata chupa moja, mnarudia somo, na mahafali mtayaona kwenye picha."

Mama yangu kule Nyamiaga alikuwa ameshashona gauni la mahafali. Alilivaa kujipima kila alipopata mgeni, mpaka kuku wakalizoea.

Kikundi chetu kikachagua mutobe, juisi yetu ya ndizi mbivu. Tukaikamua kwa nyasi kama nyumbani, tukaichuja, tukaichemsha, tukaitia kwenye chupa na kuzibana vifuniko. Chupa ziling'aa hadi nikaogopa ndege za Kigali zitapotea njia.

Gulioni watu wakafurika mezani kwetu. Wakazishika chupa, wakazigeuza, wakazisifu, wakaenda zao kununua maharage. Mwenzangu, dada wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Biharamulo na ng'ombe wao, aliita wateja kwa sauti mpaka mbuzi wakaitika. Wateja wakapita tu.

Bibi mmoja akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mzuri huu. Nani ameuonja?"

"Hakuna aliyeugusa, bibi! Umefungwa kabisa!" nikajibu kwa mbwembwe zote za darasani.

Akairudisha chupa mezani taratibu, kama anayelaza nyoka.

Ndipo akili ikanirudia. Mimi Mhangaza mzima! Kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina neno. Na sisi tulikuwa tumeziba chupa zote midomo, halafu tunajisifia!

"Bibi, rudi!" Nikafungua chupa mbele ya macho yake, nikamimina kikombeni, nikapiga funda, nikamkabidhi. Akanywa, akacheka, akajaza kikapu.

Soko likatuhamia. Tatizo, kila mteja alitaka kuonjewa cha kwake.

"Na mimi nionjee!" akadai mzee mmoja mwenye kofia.

"Mzee, si umeniona nikionja cha bibi?"

"Cha bibi ni cha bibi. Kwani mimi mumewe?"

Nikaonja. Nikaonja hadi tumbo likawa ngoma ya mtemi. Dada yule hakunihurumia hata chembe: "Kunywa, kaka! Shahada iko chini ya kikombe!"

Mhadhiri alipofika, kreti zilikuwa tupu, isipokuwa chupa moja mezani. Akainyooshea kidole.

"Naiona moja."

"Hiyo tumekuwekea wewe, mwalimu," dada akawahi.

Mhadhiri ni mtu wa Nyakisasa, kwetu hukohuko. Akatoa hela, akaipokea chupa, akataka kuifungua, akasita. Akanitazama.

"Mmeonja?"

Ndani yangu hapakuwa na nafasi ya tone. Lakini nililiona gauni la mama likining'inia palepale hewani. Nikalegeza mkanda, nikaichukua chupa na kuifungua, nikapiga funda la mwisho, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Akanywa yote. Akafuta midomo, akasema, "Mmefaulu," nami sikuweza hata kuinama kushukuru.

Siku ya mahafali gauni lilikuwa limeshapauka kwa kupimwapimwa. Mama alilichezesha uwanja mzima, na sijaona hariri iliyong'aa kama lile.