Yaya wa Kompyuta Aliyefunga Kifuniko

Anafungua mlango kwa kiwiko. Mikono yake haina kitu, mkoba uko begani, lakini ni kiwiko kinachosukuma mlango wa ofisi, na kisigino ndicho kinachoufunga nyuma yake.

Ni saa mbili asubuhi katika ofisi ya ramani za mafuriko, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwanamke huyu wa miaka thelathini na kitu anavuta kiti, anafungua kompyuta yake, anaandika amri moja fupi, na kioo kinajaa tarakimu zinazopanda. Anazitazama kidogo, kama mtu anayechungulia sufuria. Kisha anafunga kifuniko na kwenda kutafuta chai.

"Inaendelea," anasema. "Haina haja na mimi mpaka Alhamisi."

Kinachoendelea hakimo ndani ya kompyuta hiyo. Kimo kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyo katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Yeye hajawahi kuiona. Huko ndiko hesabu za mafuriko hupigwa: mvua ikinyesha kiasi hiki, maji yatapita wapi, yatasimama wapi, yataingia nyumba zipi. Hesabu ya mtaa mmoja huchukua siku nne, usiku na mchana.

Wenzake humwita Yaya, na jina hilo alilipata kwa jasho.

Miaka miwili iliyopita aliajiriwa kama kibarua wa jambo moja tu: kuhakikisha kompyuta ya ofisi haifungwi. Hesabu zilianzishwa kutoka kwenye kompyuta hiyo kwa njia ya mtandao, na kila mawasiliano yalipokatika, hesabu nayo ilikufa huko huko ilikokuwa. Iliwahi kufa kwa sababu mtu alifunga kifuniko ili afute meza.

Kwa hiyo ilibidi ikae wazi. Jengo lilipozimwa umeme jioni, Yaya aliibeba hivyo hivyo, simu ya kutoa mtandao ikiwa mkobani, akateremka ngazi akipapasa kwa mguu. Milango yote aliisukuma kwa kiwiko. Siku za mvua alisindikizwa na mtaalamu wa ramani, ambaye ndiye huziandika hesabu zenyewe. Mtaalamu aliifunika kompyuta kwa mwavuli, yeye mwenyewe akilowa.

"Watu wa barabarani walitupa pole," anakumbuka mtaalamu. "Walidhani tumebeba mgonjwa."

Nyumbani, anakoishi na mama yake na bintiye mdogo, meza ni moja na inayumba. Kompyuta ilikaa mapajani. Kila baada ya muda aligusa kitufe ili isisinzie. Alikula kwa mkono mmoja. Mama yake aliizoea hata akawa anaisalimia: karibu mgeni, naona umekuja tena bila zawadi.

Ofisini utani haukuisha. Asubuhi walimpokea wakimwuliza mtoto ameamkaje, amenyonya, ameota meno. Naye aliwajibu kwamba mtoto ni mzima, ila baba zake ni wengi mno na hakuna hata mmoja anayeleta maziwa.

Utani ulikuwa mtamu, kazi ilikuwa chungu. Alilipwa kwa siku, na kwa zile siku tu ambazo kompyuta ilihitaji kushikwa. Pasipo cha kushika, hakuna malipo.

Na kushika kwenyewe hakukutosha. Mtaa wa bondeni ulikuwa ukisubiri kuchimbiwa mitaro kabla ya mvua, na wachimbaji hawakujua wachimbe wapi mpaka ramani itoke. Hesabu yake ilianzishwa mara tatu. Mara zote tatu mtandao ulikatika njiani, kazi ikarudi mwanzo.

Si kwamba ofisi ilikaa mikono mifukoni. Mtaalamu alikuwa amesikia kuhusu programu ndogo ambayo wao wakaipa jina la "chumba". Ukianzisha kazi ndani ya chumba hicho unaweza kuondoka, na ukirudi utaikuta inaendelea. Waliijaribu. Walifunga kifuniko, hesabu ikafa. Wakarudia, ikafa tena. Wakakata shauri kwamba chumba ni uongo, wakarudi kwenye mikono ya Yaya.

Ndipo asubuhi moja Yaya akampigia simu mtunza seva, yule anayeiangalia mashine kubwa kule mbali. Alimweleza kwamba laini inakatika na kazi haifiki mwisho. Mtunza seva akamwomba amsimulie wanavyofanya, tangu mwanzo, bila kuruka kitu.

Alisimulia. Upande wa pili akasikia kicheko.

"Dada yangu, mnajenga chumba kwenu, halafu mnatokea dirishani kuja kufanya kazi huku," alimwambia. "Mkifunga kompyuta yenu, chumba kinaanguka pamoja na dirisha lake. Ingia huku kwanza. Jenga chumba huku. Anzisha kazi humo ndani, kisha utoke taratibu. Kitakungoja."

Kosa lote lilikuwa hilo. Chumba hakikuwa uongo, ila walikijenga upande usio wake.

Hakumwambia mtu papo hapo. Alikwenda jikoni kwa mama wa chai, ambaye ni rafiki yake, akamnong'oneza. Mama wa chai aliweka birika chini.

"Shoga, fikiri vizuri," alimwambia. "Mtoto akishajua kutembea, yaya hufukuzwa."

Yaya anasema alikunywa chai yake yote mpaka majani ya chini. Alijua mwenzake hakukosea. Kazi nyingine hakuwa nayo, na kazi hii ilikuwa ni kushika. Kisichohitaji kushikwa hakihitaji mshikaji.

Alisuuza kikombe, akarudi ofisini. Alimwomba mtaalamu waianze upya hesabu ya mtaa wa bondeni, lakini safari hii waingie kwanza kwenye seva, ndipo wajenge chumba. Mtaalamu alimtazama, akakitazama kioo, akajipiga paji la uso.

"Na mwavuli wote ule," alisema. "Nimelowa bure."

Walianza. Tarakimu zikapanda. Yaya akatoka chumbani kwa amri aliyofundishwa, kioo kikabaki kitupu. Mkuu wa ofisi, mama mmoja asiyependa kelele, alikuwa amesimama mlangoni. Mama wa chai alikuja na sinia isiyo na kitu, ili naye awe na sababu ya kuwapo.

Yaya alifunga kifuniko.

"Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu, tak," anasema mkuu wa ofisi. "Mtaalamu alifumba macho kama mtoto anayedungwa sindano."

Yaya hakuishia hapo. Alichomoa waya wa umeme, akazima na simu ya mtandao. Kisha akaenda kula chakula cha mchana, mikono ikining'inia, hajui aiweke wapi.

Aliporudi aliingia kwenye seva, akakiita chumba. Tarakimu zilikuwa zimepanda, na bado zilikuwa zinapanda, kana kwamba hakuna aliyeondoka. Mtaalamu alicheka mpaka miwani ikamtoka. Mama wa chai alipiga kigelegele kimoja, akajiziba mdomo kwa ajili ya mkuu. Mkuu akamwambia asijizibe.

Hesabu ilifika mwisho. Ramani ikachorwa, mitaro ikachimbwa palipostahili. Mvua ilipokuja ilikuja na hasira zake, lakini maji yalishika njia yaliyochongewa. Msimu ule watu wa bondeni hawakuanika magodoro.

Na Yaya? Mkuu alimwita ofisini kwake. Alikwenda akiwa amekwisha kutia kikombe chake mkobani. Mkuu alimwambia kwamba kazi ya kushika imekwisha, halafu akamwuliza anaweza kuendesha hesabu ngapi kwa pamoja, ikiwa hakuna hata moja inayohitaji mikono.

Leo yeye ni mwendeshaji wa hesabu, mwenye mkataba na mshahara wa mwezi. Siku ya mazungumzo haya vyumba sita vilikuwa vikifanya kazi, kila kimoja na mtaa wake. Huvipitia kimoja kimoja, kama mwenye nyumba anayekagua wapangaji: kilichokwama hukikwamua, kilichomaliza hukifunga.

"Walisema nitamfukuza yaya," anasema mkuu wa ofisi. "Nimfukuzeje, na watoto wameongezeka?"

Mipango anayo. Mtaalamu anamfundisha kuziandika hesabu mwenyewe, na anataka kupita katika ofisi nyingine, kwa sababu ana hakika bado wapo watu wanaotembea na kompyuta wazi kama walivyotembea wao. Mtaa anakokaa haujapigiwa hesabu. Uko kwenye foleni, na foleni hakuiruka.

Jioni, nyumbani, meza bado inayumba. Kompyuta iko kabatini, imefungwa. Binti yake amekuwa mkubwa mno kwa kupakatwa, miguu inakaribia kugusa sakafu, lakini yuko mapajani na dalili ya kushuka hana.

Ofisini wanajua mpaka leo kwamba alimpigia simu mtunza seva kwa sababu ya laini. Anapoulizwa tena hapa, anatazama nywele za bintiye.

"Haikuwa laini," anasema. "Sijamwambia mtu. Jioni ya kabla yake nilikuwa nimeketi hapa hapa, kompyuta mapajani. Huyu alikuwa chini, ameegemea mguu wangu. Akaniuliza, 'Mama, huyo atakua lini?'"

Anamvuta binti karibu zaidi, kwa mikono yote miwili.

"Ameshakua, mwanangu. Anajitegemea."