Ng'ombe wa Jirani na Uzi wa Buluu

Duka langu liko Malinya, kwenye kona ambapo barabara ya vumbi inateremka kuelekea uwanja wa mapigano ya mafahali. Nauza sukari, unga, chumvi, sabuni na mafuta ya kupima. Watu wengi wa hapa hawanunui mafuta ya kupikia kwa chupa nzima. Wananunua ya kukaangia mboga ya jioni moja. Kwa miaka mingi niliwapimia kwenye vikaratasi vyembamba vya nailoni, nikafunga mdomo kwa uzi wa buluu niliouchomoa kwenye magunia matupu. Mwenye duka la ng'ambo ya barabara alifunga vyake kwa fundo tu. Mafundo yangu yalikuwa yanavuja, ndiyo maana nikashika uzi.

Mteja alifika nyumbani, akang'ata pembe ya kikaratasi, akamimina mafuta kwenye sufuria, na kikaratasi akakirusha nje ya mlango. Nilijua hivyo kwa sababu hata mimi nilifanya hivyo. Huku hakuna gari la kuzoa taka. Kila boma lina mahali pake nyuma ya jikoni, na upepo unafanya kazi iliyobaki.

Jirani yangu wa karibu ni mjane aliyepita miaka sabini. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Maziwa ya chai yangu yalitoka kwake, na ya nyumba nyingine kadhaa. Shamba lake dogo lote lilikuwa la mahindi, kwa hiyo asubuhi alimfungua ng'ombe akamwacha ale kando ya barabara.

Mwaka huo mvua ilichelewa na nyasi za barabarani zikabaki vijiti. Ng'ombe alikuwa na mimba ya miezi sita. Kwanza maziwa yalipungua, kisha akaacha kula, na upande wa kushoto ukavimba. Mjane alikuja dukani kununua mafuta ya kumnywesha, kwani ndivyo watu wanavyofanya tumbo la mnyama likijaa. Nikampimia vikaratasi vitatu, nikavifunga kwa uzi.

Daktari wa mifugo alipokuja, alikandamiza ule upande kwa ngumi. Ngumi ilipotoka shimo lilibaki, kama kwenye unga uliokandwa.

"Huyu anakulanga wapi?" akauliza.

"Hapa tu barabarani," mjane akajibu.

"Amekula nailoni, mama. Ng'ombe hapendi karatasi, anafuata chumvi na mafuta yaliyobaki ndani. Ikiingia haitoki. Mngeniita wiki mbili nyuma ningempasua niitoe. Sasa hata kusimama hawezi. Mchinjeni leo, kabla hajajifia."

Walimchinja alasiri hiyo nyuma ya nyumba, daktari akiwepo. Majirani wanaume wanne walishika kazi, na sisi wengine tukasimama karibu na mgomba. Walipopasua tumbo kubwa, kilichotoka kilikuwa bonge lililojaa beseni. Kulikuwa na karatasi za mkate, pakiti za maziwa, kamba, kipande cha gunia. Vyote vilikuwa vimesokotana kiasi kwamba mwanamume mmoja alivuta kwa mikono miwili na havikuachana. Ndama aliyekuwa tumboni aliwekwa kando juu ya majani ya mgomba. Mjane alimwangalia kidogo, kisha akaingia ndani.

Niliziona nyuzi zangu. Zilikuwa nyingi, na rangi ilikuwa haijabadilika hata kidogo.

"Hii ni taka ya watu wanaokujanga kuona mafahali," mmoja wa wachinjaji alisema. "Wanakuja Jumamosi, wanatupa, wanaenda."

Wengine wakakubali. Nami nikasema, "Kweli, wanatupa sana." Nakumbuka sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa.

Nilikaa siku tano bila kwenda kwa jirani. Dukani niliendelea kupima mafuta, lakini uzi niliuacha, nikafunga kwa fundo. Mafuta yakavuja na wateja wakanung'unika. Siku ya sita nilipika obusuma, ugali wetu, na kuku, nikafunika kwa kitambaa, nikaenda. Alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Tuliamkuana, nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, zile nyuzi za buluu zilikuwa zangu."

Hakuinua macho. "Najua. Nani mwingine anafunganga na uzi?"

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema nini? Vile vikaratasi ulinipea mimi. Kutupa nilitupa mwenyewe, hapo nyuma. Ng'ombe alikuwa wangu, na jaa ni langu." Akapukuchua kidogo. "Lakini siku ile uliposema ni watu wa mafahali, hapo ulinichoma."

Nikamwomba msamaha. Akaniambia nipakue chakula kabla hakijapoa. Tulikula, na hakulirudia tena jambo hilo, siku ile wala baadaye.

Mwezi huo huo niliacha kupimia mafuta kwenye nailoni. Nilibandika kipande cha katoni mlangoni: njoo na chupa yako. Watu wengine walidhani nawabania. Mwanamke mmoja aliniambia, "Sasa nitembee na chupa kama mlevi?" akavuka barabara kwenda duka la ng'ambo. Wengi walimfuata. Kwa wiki kadhaa nilikaa na ndoo ya mafuta inayotosha kijiji nikimpimia mtu mmoja mmoja. Baadhi walirudi polepole, na chupa za soda, na chupa za dawa ya kikohozi. Mmoja alileta chupa iliyokuwa ya mafuta ya taa, nikamrudisha akaioshe.

Nilitundika pia gunia nje ya duka. Lilipojaa nilimpakilia mtu wa bodaboda hadi mjini Kakamega, kwa wanaonunua plastiki. Walichukua chupa ngumu tu. Nailoni laini wakanirudishia: hakuna anayeitaka. Nilijaribu kuichoma nyuma ya duka. Moshi ulikuwa mweusi na ukaingia kwa jirani, akatoka akikohoa, nikauzima moto kwa maji. Mwishowe tulichimba shimo refu, tukalizungushia ua ili mifugo isifike. Shimo si jibu. Tumeificha tu, na tunajua. Kwa hiyo siku hizi nabishana zaidi na kile kinachoingia dukani kuliko kinachotoka. Mikate naagiza ile ya karatasi ya kawaida ikipatikana, na chumvi naimimina kwenye bakuli la mteja.

Nililipeleka jambo hilo kwenye chama chetu cha akina mama. Tulikubaliana kwamba kila boma lichimbe shimo lenye ua, na kwamba asubuhi ya Jumapili, baada ya mapigano ya mafahali ya Jumamosi na kabla ya kanisa, tuokote uwanjani kwa zamu. Mabwana wanaosimamia uwanja walitupatia mapipa mawili. Wengine katika chama huja, wengine husahau.

Mjane alipewa mtamba na dada yake. Hamwachi tena barabarani. Amekata kona ya mahindi akapanda nyasi za nepia, na hufungua kamba jioni tu, akiwa ameishika mkononi.

Zamu yetu ya mwisho tuliamua kwenda Jumamosi yenyewe, watu wakiwa bado uwanjani. Mafahali walikuwa wameshaondoka na kulikuwa na manyunyu. Mwanamume mmoja mwenye koti zuri alimaliza maji yake, akaiachilia chupa miguuni petu huku akizungumza kwenye simu.

"Baba," jirani yangu akamwita, "umeangusha kitu chako."

Akageuka. Akamtazama mama mzee mwenye gunia, akaitazama chupa, akainama akaiokota. "Asante, mama," akasema, akaitia mfukoni, akaenda zake.

Tuliendelea kuokota. Kama aliitupa tena huko mbele, sikuona.