Migongo ya Zuhura

Leo binti wa watu kanifunga mdomo, mimi na domo langu lote!

Zuhura, jirani yangu hapa Kariakoo, anatengeneza filamu za ajabu ajabu. Kila filamu wanaume wanapita wamebeba kitu begani. Mara friji, mara kitanda. Sura huzioni, migongo tu. Mwisho, mmoja anarudi kufunga mlango.

Leo katuonyesha mpya.

Migongo tena!

Nikamchokoza: "Wee, waigizaji wako wote wana chunusi usoni?"

Watu wakacheka. Yeye hapana.

"Babu, siku mnamzika baba, sisi wanawake tulibaki nyumbani. Nikachungulia mlangoni. Nikaona migongo yenu tu, mnaondoka naye. Halafu mlango ukafungwa."

Jamani.

Niliufunga mimi.

Semeni nyie, kesho napitaje pale kwake?