Mrina Asali Aliyekana Ubaba

Habari zilinikuta sokoni, katikati ya kubishania ndoo ya karanga: yule mzee mrina asali wa Kwihara amefariki, kazikwa jana. Karanga nikazinunua kwa bei ya muuzaji. Wanaonijua watapima wenyewe nilivyoshtuka. Kila Jumamosi, miaka nenda rudi, nilikagua madumu yake ya asali mara mbili, naye akinisubiri kwa utulivu wa mtu aliyezoea kuumwa na nyuki.

Mzee huyo alimlea binti wa marehemu kaka yake tangu hajaota meno. Binti alipopata nafasi katika chuo cha uuguzi, wakatokea wafadhili wa kuwasomesha waliofiwa na baba. Fomu ikauliza kama baba yu hai. Binti akaandika: yu hai, mrina asali, Kwihara. Msimcheke. Kwetu baba mdogo ni baba, na kujiita yatima huku anakulisha ni kumchimbia kaburi mtu angali anatembea. Jina lake likakatwa. Zilipobaki siku tatu chuo kifunguliwe, mzee akanijia. "Ndugu yangu, mdomo wako unashusha bei ya kila kitu. Twende ukaniombee."

Nilibembeleza, nikasifu, nikatania. Karani wa wafadhili hakutikisika. "Mzee, baba yake ni wewe au si wewe?" Mzee akamtazama binti, tuliyekuja naye. Ni mimi niliyemkanyaga mzee mguu chini ya meza. "Si mimi," akasema. "Sema vizuri, naandika." "Mimi siyo baba yake. Baba yake alikufa." Binti akapata ufadhili palepale. Tulipotoka nje, nikiwa nimejaa ushindi, nikamwambia mzee, "Sasa usije ukaonekana chuoni, watamfukuza!" Nilicheka peke yangu.

Msibani nilimkuta binti ameketi kwenye mkeka, yuko mwaka wa pili sasa. Akaniamkia, kisha akanieleza kwamba mzee hakukanyaga chuoni hata siku moja. Alimkataza kupiga simu, na likizo akamwamuru aende kwa shangazi yake huko Puge. "Alisema wakijua nina baba wataniondoa. Miguu yake ilianza kuvimba tangu masika, na hakuna aliyeniambia. Miguu ile hata mimi wa mwaka wa pili ningejua ni ya kukimbizwa hospitali." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nani alimtia hofu ile?"

"Mimi," nikasema. "Nilikuwa natania."

"Na ulikuwa unamwona?"

"Kila Jumamosi."

Ningeweza kumaliza safu yangu hii ya gazeti kwa kuwasema watunga fomu, kwamba waulize nani anamlisha mtoto na si nani alimzaa, na ningekuwa na haki. Lakini fomu haikumzuia mzee kumwona binti yake. Mimi nilimzuia, kwa mzaha niliousahau kabla hatujafika barabarani. Sisi watu wa Tabora tunataniana hata makaburini, nami nilidhani kila mtu anajua mpaka wa utani. Kumbe mtu mwenye hofu kwa ajili ya mtoto wake husikia kila neno kama sharti. Ukimtania mtu wa namna hiyo, usiachane naye kabla hujamwambia kwamba ulikuwa unatania. Ni sentensi moja fupi, na mimi nilikuwa na Jumamosi zote hizo za kuisema.