Saa Moja ya Injini ya Kulia

Siku yangu ya kwanza katika karakana ile magharibi mwa Sydney nilitiwa plagi mkononi kabla hata sijaonyeshwa pa kutundika koti. Mhandisi Mkuu, mzee mfupi mwenye miwani puani na nyingine kipajini, aliitoa mfukoni, akaniwekea kiganjani na kuniuliza, "Hii imetoka silinda ipi?" Niliitazama. Ilikuwa imelowa oili hadi kwenye ncha. Nikamjibu, "Ya chini kabisa." Alininyooshea kidole kwenye msumari wa kutundikia koti, nami nikajua nimepata kazi.

Ninyi vijana mliozoea injini za jeti pengine hamlielewi swali lile, kwa hiyo niwaeleze. Injini nyingi za ndege za wakati wa vita vikuu vya dunia zilikuwa za duara. Silinda zilipangwa kuizunguka shafti moja, kama watu waliozunguka sinia la pilau. Ndege ikisimama siku kadhaa, oili huchuruzika polepole na kukusanyika kwenye silinda za chini. Ukiwasha hivyo hivyo, pistoni inakwenda kuigonga oili, na oili haikubali kubanwa. Kinachopinda ni konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na shafti. Ndiyo maana kabla ya kuwasha tulilizungusha pangaboi kwa mkono, panga moja baada ya jingine, mizunguko kadhaa, huku tukihesabu kwa sauti kila panga lililopita.

Hayo nilifundishwa Dar es Salaam, enzi hizo nina nywele, na Msimamizi wa Karakana ambaye hatukuwahi kumwona akicheka siku ya kazi. "Pangaboi likikataa kuzunguka, usibishane nalo," alikuwa akituambia. "Na ole wake nitakayemkuta analirudisha nyuma." Ukilirudisha nyuma linalegea, nawe unadhani umepona, kumbe oili umeisukuma tu kwenye bomba la hewa. Injini ikiwaka inaivuta tena ndani. Dawa ni kufungua plagi za chini, kuimwaga ile oili, kufunga, kisha kuanza kuhesabu upya. Ni kazi ya saa moja. Niliifanya Dar, nikaifanya Tabora nilikopelekwa baadaye, na Mwanza niliifanya juani mpaka ngozi ya shingo ikabanduka. Sikuwahi kuiruka hata mara moja.

Nilipohamia Sydney kumfuata binti yangu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, vyeti vyangu vilisomwa kwa adabu kubwa, nikarudishiwa, na mimi nikaenda kupanga maboksi ghalani kule Merrylands. Miaka ya elfu mbili ilipoanza ndipo nikasikia kuna watu wanaifufua ndege ya kivita ya injini mbili, iliyowahi kudondosha mabomu huko Papua Guinea Mpya. Vijana wao walijua kompyuta. Mafundi waliozijua injini zile walikuwa makaburini. Basi nikaonekana wa maana, mzee mzima, kwa ujuzi ambao kwetu ulikwisha kutupwa jalalani pamoja na ndege zenyewe.

Karakana ile ilikuwa na desturi ambayo mpaka leo naiheshimu. Aliyezungusha pangaboi ndiye aliyeandika kwenye daftari la injini, na aliyeandika ndiye aliyepanda ndege. Hakuna fundi aliyebaki chini akapunga mkono. Mhandisi Mkuu alisema mtu haandiki uongo juu ya kiti atakachokalia mwenyewe. Nilimwamini.

Kulikuwa na mwenzangu mmoja tuliyezungumza naye Kiswahili, Mama Divine, Mkongo wa Uvira. Alianza kwa kusafisha ofisi asubuhi. Usukani wa mkiani wa ndege ile haukuwa wa bati. Ulivikwa kitambaa kilichoshonwa kwa uzi wa nta, fundo moja kila vidole viwili, na mshonaji wao alikuwa amestaafu. Siku moja Mama Divine alisimama akautazama mshono wa kijana mmoja, akaguna. Mhandisi Mkuu akampa sindano. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa mkia. Wikiendi alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee huko Quakers Hill, na humo ndimo alimoishi Bwana Alf.

Bwana Alf alikuwa mpiga redio wa ndege ya aina ile ile wakati wa vita. Siku wenzake wanne walipoanguka, yeye alikuwa hemani na homa ya malaria. Walizikwa kule kule. Alikwisha kupita miaka themanini na mikono ilimtetemeka, lakini jambo lake lilikuwa moja tu: apite juu ya yale makaburi akiwa kwenye kiti cha mpiga redio, mara moja, kabla hajafa. Ilipopangwa ziara ya maonyesho ya kumbukumbu kwenda Papua Guinea Mpya, Rubani Mkuu alimwandikia jina kwenye orodha kabla ya jina lake mwenyewe. Daktari alimruhusu kwa shingo upande. Sote tulijua hakutakuwa na ziara ya pili kwa Bwana Alf.

Asubuhi ya kuondoka, uwanja ulijaa. Kulikuwa na bendi, watoto wa shule wenye vibendera, na waandishi wa habari. Ndege ilikuwa imesimama siku tisa kwa ajili ya mvua. Bwana Alf alitaka kuingia mapema, tukambeba watu watatu, tukampitisha kwenye kile kimlango kidogo cha tumboni mwa ndege, kazi iliyomtoa jasho na machozi ya maumivu ya nyonga. Akafungwa mkanda. Alipochungulia dirishani alikuwa anatabasamu kama mtu aliyefika kwao.

Injini ya kushoto nikaizungusha, safi. Ya kulia, panga la saba likakataa.

Lilikataa kidogo tu, na hiyo ndiyo hatari yake. Mikono yangu ilijua mara moja. Nikasimama nikahesabu: saa moja ya kufungua plagi, na kwa sheria ya uwanja hakuna abiria anayekaa ndani ya ndege injini ikiwa wazi. Ningelazimika kumtoa Bwana Alf kwa kile kimlango, halafu nimrudishe tena. Nikauona uso wake pale dirishani. Nikamwonea huruma. Sitafuti neno zuri la kujisafisha, ndivyo ilivyokuwa. Nikalirudisha pangaboi nyuma, nusu panga, likalegea. Nikaendelea mbele mpaka hesabu ikatimia.

Mama Divine alikuwa mkiani akikagua mshono wake wa mwisho. Aliniona.

"Papa," akaniita, "mbona unairudisha nyuma? Si unasemaka kila siku haigeuzwi nyuma?"

"Mama, wewe angalia kitambaa chako," nikamjibu. "Injini niachie mimi."

Akarudi kwenye mshono wake. Mhandisi Mkuu akaja na daftari. "Hali ikoje?" akauliza.

"Safi," nikasema, nikatia saini, nikapanda.

Iliwaka vizuri, na hilo ndilo lililonidanganya. Tulipaa juu ya umati na vibendera, tukafuata pwani kuelekea kaskazini. Bwana Alf alikuwa na vile visikio vya redio kichwani, anagusa swichi zisizounganishwa na chochote, moja moja, kwa mpangilio wake. Baada ya kama saa nzima nilihisi mtetemo kwenye nyayo. Kisha mshale wa kipimo cha oili ukaanza kushuka.

"Fundi, ya kulia ina nini?" Rubani Mkuu aliuliza bila kugeuka.

"Izime," nikasema. "Izime sasa hivi."

Aliizima, akayalaza mapanga yasishike upepo, na kwa injini moja akatushusha kwenye uwanja mdogo wa mji wa pwani. Hakuna aliyeumia. Konrodi ilikuwa imekatika na kutoboa ubavu wa injini, tundu la kupitisha ngumi. Injini nyingine ilibidi iagizwe ng'ambo, na hiyo ni miezi. Ziara ikafutwa pale pale kwenye nyasi. Tulipomteremsha Bwana Alf alinipigapiga begani akasema, "Si kitu, fundi. Mashine ni mashine." Nilitamani anitukane.

Kesho yake nilimweleza Mhandisi Mkuu kila kitu. Alivua miwani zote mbili. "Daftari hutaligusa kwa mwaka mmoja," akasema. "Lakini mimi siye wa kuambiwa. Nenda kamwambie Bwana Alf." Mama Divine nilimwomba radhi siku hiyo hiyo. Alisema yameisha, lakini alikuwa ameumia, na alikuwa na haki ya kuumia.

Kwa Bwana Alf nilikwenda Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Kila mara nilikunywa chai, nikasikiliza habari za hao wenzake wanne, nani alikuwa mvivu wa kuoga na nani aliandikiwa barua na wasichana wawili, nikaaga bila kusema. Naye kila mara aliuliza injini imefika wapi. Nilijiambia nisimwongezee uchungu. Ilikuwa huruma ile ile, imebadilisha nguo tu. Mwishowe Mama Divine alinishika mkono kwenye korido, akiwa na sare yake.

"Papa, hii shift ya leo nimemuogesha, nimeona. Anachoka sana. Kama uko na neno, sema leo."

Nikaingia. Nikamweleza juu ya panga la saba, na oili, na nusu panga nililolirudisha nyuma, na kwamba nilifanya hivyo ili nisimtoe pale kwenye kiti. Alisikiliza akiwa amefumba macho mpaka nikadhani amelala.

"Kurekebisha ingechukua muda gani?" akauliza.

"Saa moja."

Alifumbua macho. "Saa moja tu?"

"Ndiyo, Bwana Alf."

Hakukuwa na hasira usoni mwake, kulikuwa na mshangao, kama wa mtu aliyeambiwa kwamba treni aliyoikosa ilikuwa bado imesimama stesheni. "Ungeniambia," akasema. "Ningengoja. Hata nje kwenye kiti ningengoja." Kisha akageuzia uso dirishani, na mimi nikakaa pale mpaka Mama Divine alipoleta dawa.

Alifariki kabla ya injini kufika. Mwaka uliofuata ndege ilikwenda. Daftari nilikuwa nimekwisha kurudishiwa, pangaboi nililizungusha mimi, na kwa desturi yetu nikapanda. Rubani Mkuu alipita chini juu ya makaburi yale, meupe, yamepangwa kwenye nyasi za kijani. Kiti cha mpiga redio kilikuwa kitupu. Niliyatazama makaburi mara moja tu, kisha nikashindwa kuendelea.

Sasa nimestaafu, nakaa na binti yangu, na wajukuu wananijibu Kiingereza hata nikiwauliza kama wameshiba. Mafundi vijana huja kunitembelea, wengine Waafrika wenzetu wenye vyeti vizuri ambavyo vimekubaliwa, alhamdulillahi. Huniuliza juu ya injini za duara, nami huwaeleza oili, plagi na hesabu ya mapanga. Wanaandika. Wananiuliza pia kosa langu kubwa, na hapo wanategemea kusikia habari ya haraka, au ya uzembe, au ya bosi mkali aliyetuharakisha. Hakuna aliyenisukuma. Nilimpenda mzee yule, nikamwamulia yeye kitu ambacho kilikuwa chake kuamua. Kutoka pale nilipokuwa nimelishika pangaboi hadi kwenye dirisha lake zilikuwa hatua sita. Nimezipima baadaye. Ningetembea hatua sita, nigonge kioo, nimuulize.