Mume wa Kulishwa

Mume wangu alizaliwa Lukole, kambini, enzi zile kambi zilipofunika vilima na mzigo wa kuni ukawa unagombewa kama nyama ya sikukuu. Kwa hiyo ni mgeni. Mimi nilizaliwa Murukulazo, wilaya hiyo hiyo ya Ngara, mvua hiyo hiyo, viroboto hao hao. Kwa hiyo ni mwenyeji. Mtu akiniuliza tofauti yetu ni nini, humwambia aende akawaulize waliosoma.

Kambi zilipofungwa alirudishwa Burundi. Nasema alirudishwa kwa sababu ndivyo walivyosema, ingawa alikuwa hajawahi kuikanyaga. Huko akajifunza useremala, akakua, kisha akavuka tena kwa njia halali, pasipoti mfukoni. Nilimkuta sokoni Nyakahura, upande wa Biharamulo, pale barabarani ninapouzia maharage yangu mpaka leo. Alinieleza kwamba gunia langu moja lina mawe mengi kuliko maharage. Nilimtukana mbele ya wateja. Mwaka uliofuata padri akatufungisha ndoa.

Tulidhani tumemaliza. Padri ametuunganisha, ukoo umekula, mama amelia kidogo kama inavyotakiwa. Kumbe Mungu akishaunganisha, bado kuna ofisi.

Ofisi ilikuwa mjini, na ndani yake alikaa kijana mpole wa rika la mdogo wangu wa mwisho, shati limepigwa pasi hadi linakata. Alitueleza kwamba mume wangu anaweza kuishi nchini kwa njia mbili. Ya kwanza, apate ajira yenye mkataba, na mwajiri athibitishe kwamba kazi hiyo haina Mtanzania wa kuifanya. Nilimuuliza ni nani atakayethibitisha kwamba kutoka hapa hadi Dar es Salaam hakuna mtu anayejua kupigilia msumari. Akasema hilo ni jukumu la mwajiri. Njia ya pili, awe mtegemezi wa mke wake, na mke athibitishe kwamba ana kazi na kipato cha kumtunza mume. Ila hapo, akasema, mume asifanye kazi yoyote. Akifanya kazi bila kibali cha kazi anarudishwa kwao, na kumrudisha tena huku haitakuwa rahisi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Serikali nayo inaheshimu methali, ila jembe lina kibali chake.

Tukachagua njia ya pili, maana ya kwanza ilikuwa ukuta.

"Mwajiri wako ni nani?" kijana akaniuliza.

"Mimi mwenyewe, afisa. Nanunua maharage huku, nauza Nyakahura."

"Basi mama, tuletee barua ya mwajiri kuthibitisha ajira yako."

Nikarudi nyumbani nikajiandikia barua. Nilithibitisha kwamba namfahamu mfanyakazi huyu tangu utoto wake, ni mwenye bidii, haibi, ila ana mdomo. Mume wangu akanishauri niondoe habari ya mdomo. Nikaiondoa, nikatia sahihi kama mwajiri, halafu nikatia sahihi kama mfanyakazi, na barua ikapokelewa bila hata mtu kucheka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Kisha ikaja habari ya benki. Walitaka waone pesa imelala kwenye akaunti kwa miezi kadhaa. Sasa pesa ya mchuuzi hailali. Ikilala, mwenyewe ameugua. Pesa yangu hukaa kwenye magunia, huenda Nyakahura ikiwa maharage na kurudi ikiwa noti, na jioni ile ile inatafuta magunia mengine. Lakini kijana alisema maharage si kipato, maharage ni chakula. Basi msimu ule wa mavuno, maharage yakiwa bei ya bure na wenzangu wakijaza stoo, mimi nilikaa uani nimekunja mikono, pesa yangu ikiwa imelazwa benki kama mgonjwa wa heshima. Ili kuthibitisha kwamba nina kipato, niliacha kutafuta kipato. Ofisi iliridhika sana.

Likabaki jambo moja: afisa aje nyumbani ajionee mwenyewe ni nani anayemlisha nani.

Hapo niliogopa kweli, na woga wangu haukuhusu uongo. Nyumba yetu aliijenga mume wangu. Matofali aliyafyatua na kuyachoma yeye, mbao alizipiga randa yeye, migomba ya nyuma anaipalilia yeye wakati mimi niko sokoni. Mimi naleta pesa, yeye analeta kila kitu ambacho pesa hainunui. Ndivyo tunavyoishi, kama watu wengine wote wa Murukulazo. Lakini kwa ofisi, mwanaume huyo alikuwa mhalifu kila aliposhika nyundo.

Nikamfundisha. Kila jioni nilijifanya afisa.

"Unafanya kazi gani?"

"Sina kazi."

"Nani anakulisha?"

Hapo alikuwa anakwama. Anakohoa, anaangalia juu, anauliza kama mbuzi wamefungwa. Mwanaume aliyekulia kambini, akapangwa foleni ya unga tangu hajajua kutembea, aliapa siku alipotoka kwamba hatalishwa tena na mtu. Aliniambia hivyo mwenyewe. Lakini mwisho akalimeza, kama mtu anavyomeza dawa ya mitishamba: macho yamefumbwa. "Nalishwa na mke wangu." Nikampongeza. Nilikuwa nimesahau kuwafundisha watu wengine.

Inabidi nieleze jambo la kwetu. Sisi Wahangaza, mkwe hasemwi vibaya mbele ya mgeni. Awe mlevi, awe mvivu, awe amelala mtaroni jana yake, mgeni akifika ukoo wa mke utamsifu mpaka masikio yake yawe mekundu. Kumkashifu mkwe ni kujitangaza kwamba mlimtupa binti yenu. Na mkwe mwenye adabu naye hujishusha, anasema yeye si kitu, hana kitu, ili wakwe zake wapate nafasi ya kumpinga. Ni ngoma ya watu wawili, na kila mtu anajua hatua zake.

Siku ya siku, afisa, yule yule kijana wa ofisini, alifika asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Baba yangu alishafariki, kwa hiyo aliyempokea ni baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo. Mjumbe wetu wa kitongoji alikuwepo. Mama alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, maana kwa heshima zetu hakai pamoja na mkwe wake. Mume wangu nilimvika suruali ya harusi na kumkalisha kwenye kiti, na nikamwambia mikono aiweke mfukoni, kwa sababu ile mikono ingemshtaki kabla hajafungua mdomo.

"Shikamoo mzee," afisa akamwamkia baba mdogo.

"Marahaba, mheshimiwa. Karibu sana. Umekaribia."

Afisa akamgeukia mume wangu, akamuuliza kazi yake.

"Sina kazi," mume wangu akajibu vizuri kabisa. "Nalishwa na mke wangu."

Nilitaka kupiga makofi. Lakini baba mdogo alishasikia alichotaka kusikia: mkwe mwenye adabu anajishusha. Ikawa zamu yake.

"Mheshimiwa, usimsikirize huyu," akasema, huku anacheka kwa upendo. "Ni mpore, hapendi kujisifu. Nyumba hii unayoiona ameijenga yeye. Matofari amechoma yeye. Mkwe wangu huyu anarima kuriko watoto wangu wote!"

Nikakohoa. Baba mdogo akasema niletewe maji.

"Ameijenga yeye?" afisa akauliza.

"Na si hii tu," mjumbe akadakia, naye asionekane hajui hatua. "Milango ya kijiji hiki chote ni mkono wake. Hata mlango wa ofisi yetu!"

"Kwa malipo?"

"Ah! Fundi kama huyu utamfanyisha kazi bure? Anafanya kazi kama punda, mheshimiwa. Dada yetu hapa anakaa tu anahesabu raha."

Mimi, ambaye nilishinda juani Nyakahura juma zima. Nikakohoa tena, nikamkanyaga baba mdogo mguu, na yeye akauvuta mguu wake kwa adabu ili nipate nafasi ya kupita. Kadiri walivyomsifu ndivyo walivyozidi kumfunga, nao walikuwa na furaha isiyo kifani. Sijawahi kuona mtu akisukumwa mpakani kwa upendo mkubwa namna ile.

Afisa akaacha kutabasamu. "Mzee, mnaelewa kwamba mgeni akifanya kazi bila kibali ni kosa? Kama haya ni kweli, mimi siwezi kumwacha hapa. Ataondoka, na binti yenu atabaki peke yake."

Nilisikia sufuria jikoni ikifunikwa.

Mume wangu akasimama. Alitoa mikono mfukoni, akaiona, akairudisha.

"Baba," akamwambia baba mdogo, "nisamehe. Mnanisitiri tu. Mimi sijajenga kitu hapa. Nyumba aliijengesha mke wangu kwa fedha yake. Mimi silimi, sifanyi chochote. Nakula na kulala."

Aliyasema mbele ya nyumba yake, kila tofali likiwa na alama ya vidole vyake.

Afisa akamgeukia baba mdogo. "Ni kweli, mzee?"

Baba mdogo alinitazama mimi, akatazama ukuta wa jikoni. Katika maisha yake yote marefu hakuwahi kumkashifu mkwe, na ninaamini angekubali kung'olewa jino kuliko hilo.

"Ni kweri," akasema. "Anakura tu."

Mama alitoka jikoni, akapita nyuma ya nyumba bila kutazama mtu, akaingia kwenye migomba. Hakurudi mpaka afisa alipoondoka. Yule kijana si mjinga. Alipokuwa anaaga aliupokea mkono wa mume wangu, akausikia ulivyo mgumu, akatazama pembeni. Simlaumu. Yeye alitumwa kutafuta mwanaume asiye na faida, na sisi tulimpatia.

Kibali kikatoka. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilicheza mpaka nikaumia kiuno. Mume wangu akaendelea kupalilia migomba, ila sasa anapalilia ile ya katikati, isiyoonekana kutoka barabarani, na akisikia gari analala chini kwenye majani. Anaiba kazi kwenye shamba lake mwenyewe.

Baba mdogo naye, akiwa na kidonda cha siku ile, aliitisha kikao. Alisema kibali kitahitaji kuhuishwa, afisa atarudi, na safari hii ukoo usijichanganye. Kila mtu ajue la kusema. Basi wakaanza mazoezi. Majirani walikuwa wakipita wanauliza, "Yule mvivu ameamka?" na sisi tunacheka. Shemeji zangu wakawa wanamwita bibi harusi. Mjumbe akiwa na mlango wa kurekebisha alikuwa anakuja jioni na kunong'ona, na mchana akikutana naye njiani anamtikisia kichwa kwa masikitiko. Mume wangu alicheka pamoja nao. Alikuwa anacheka kuliko wote. Mimi niliona tumepata ukoo wenye akili.

Mwezi uliopita tulipokea posa ya binti wa kaka yangu. Mume wangu ndiye aliyetengeneza mabenchi ya wageni, juma zima, ndani ya stoo, mlango umefungwa. Ukafika wakati ambapo mkubwa wa ukoo huwaita wakwe wa nyumba wasimame mmoja mmoja, wageni wawaone na kujua nyumba hii imeolewa na watu wa aina gani. Baba mdogo akawaita. Akamwita mume wa dada yangu mkubwa, akamsifu. Akamwita mume wa binamu yangu, ambaye alikuwa amelewa na ilibidi ashikiliwe, akamsifu sana. Akawaita wote. Kisha akaketi.

Nilidhani amesahau, uzee. Nikamwendea, nikainama sikioni mwake.

"Baba mdogo, umemruka mkwe wako."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Yure wa kurishwa? Atasimama aseme nini mbere ya watu?"

Hakunikonyeza. Nilisubiri anikonyeze. Niliangalia huku na huku nikitafuta afisa, labda yuko nyuma ya wageni na mzee amemwona kabla yangu. Afisa hakuwepo. Tulikuwa wenyewe kwa wenyewe, tumekaa kwenye mabenchi mapya.

Mume wangu alikuwa karibu, alisikia. Hakucheka safari hii. "Ni kweli, baba," akasema, kwa sauti ile ile niliyomfundisha, na akainama kuondoa takataka kwenye kiatu chake. Nilijaa hasira, na sikujua nimpige nani.

Kibali kinakaribia kwisha, na tumeambiwa afisa atakuja tena nyumbani kujionea. Safari hii sina wasiwasi. Hakuna atakayekosea.